Samaki wa Kuonyesha Wageni

Hasira ya Valliyathal haikuanza siku ile ya mkaguzi, msimsingizie. Ilianza miaka kumi na tisa nyuma, pale minazi ya marehemu mumewe ilipoanza kukauka kutokea kileleni, na maji ya kisima chao yakawa yanatoka na rangi ya nguo zilizotakiwa Ulaya mwaka huo. Mwaka wa nyekundu yalitoka mekundu. Mwaka wa buluu hata ng'ombe waligoma kunywa. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, mji wa Tiruppur ukafurika viwanda vya fulana, wenye navyo wakajenga maghorofa, na kila aliyeshika kipaza sauti akasema nchi inakua. Inakua, ndiyo, hata jipu hukua. Valliyathal aliuza ng'ombe wake wawili wa mwisho, akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda kilekile cha kutia rangi na kushona kilichomharibia shamba. Angefanya nini? Chumvi nyeupe ya maji yale ya rangi iliyotanda pale palipokuwa na bustani hailiki.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutunza samaki. Msicheke. Kiwanda kilikuwa na mtambo wa kusafisha maji kabla hayajamwagwa kwenye mto Noyyal, na kwenye tangi la mwisho kabisa waliwekwa perege thelathini, ili mgeni akija kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo aone kwa macho yake kwamba maji ni safi mpaka samaki wanaogelea. Basi mgeni huona, hutabasamu, hupiga picha, huenda zake. Lakini mtambo wenyewe ulikula umeme kama fisi, kwa hiyo uliwashwa wageni wakija tu. Siku nyingine maji yalipita hivyohivyo, na perege hawakumaliza siku tatu. Alfajiri Valliyathal aliopoa maiti, akapanda basi mpaka sokoni, akanunua wengine wazima. Funika kombe mwanaharamu apite. Alifanya hivyo miaka sita.

Kilichomfunga mdomo si mshahara. Ni boza la maji, lori lile la tangi. Meneja, mtu mmoja mnene mwenye sauti laini aitwaye Duraisamy, alikuwa akipeleka boza la maji safi kijijini Ponmedu kila baada ya siku mbili, nyumba thelathini na mbili, kwa heshima ya Valliyathal na kimya chake. Hakuna aliyelitamka hilo, ila Ponmedu nzima ilijua. Visima vyote vilikuwa vimekufa. Bila boza, maji ya kupikia ugali wa ulezi yalifuatwa kwenye bomba la hekalu, mwendo wa zaidi ya saa moja kwenda tu.

Sasa yule mkaguzi alitarajiwa Jumamosi. Akaja Alhamisi. Aliitwa Vaidehi, binti wa Chennai, Mtamili kama wao, miwani usoni na daftari mkononi, anafanyia kazi wanunuzi wa huko mbali. Perege wawili walikuwa wameshaelea matumbo juu. Duraisamy hakutikisika. Alieleza kwamba hao wamekufa kwa uzee, kwamba samaki hawa wana miaka minne humu ndani, wanazaliana. Kisha akamnyooshea Valliyathal kidole kwa mapenzi tele, akasema huyu ndiye mama yetu, mkulima wa bondeni, anamwagilia shamba lake kwa maji yanayotoka hapahapa, na minazi yake imenawiri, muulizeni mwenyewe.

Angeishia kwenye samaki, pengine mambo yangepita. Uongo wa samaki Valliyathal aliuzoea, ulikuwa uongo wake pia. Lakini minazi! Minazi iliyopandwa kwa mikono ya marehemu, ile aliyoililia kuliko alivyomlilia mwenye kuipanda, leo itajwe na mdomo ule kuwa imenawiri? 

"Samaki hawa waliletwa Jumanne," akasema. "Waliowatangulia waliletwa Ijumaa. Na minazi yangu ilikufa yote, bwana meneja, ukanunua magogo yake ukachoma kwenye boila yako. Umesahau?"

 Duraisamy alijaribu kucheka, ikashindikana. Vaidehi akamwomba arudie polepole, naye akarudia, neno kwa neno, huku kalamu ikienda. Mwisho Valliyathal akauliza swali lake moja: sasa mtausafisha mto? Binti akajibu kwamba atalifikisha kwa wahusika. Valliyathal alirudi nyumbani mwepesi, akalala kama mtoto aliyeshiba, na asubuhi akampigia chuku mpwa wake Thenmozhi, aliyekuwa mshona kola kiwandani humohumo, jinsi meneja alivyobadilika rangi.

Jumamosi boza halikuja. Jumatatu pia halikuja.

Wiki ya tatu barua ikabandikwa getini. Karani aliisoma kwa sauti akiitafsiri, maana wengi hawakuifahamu lugha yake. Ilisema kwamba kampuni ya ng'ambo, kwa kuwa inaiheshimu mito na mazingira, imevunja mkataba na kiwanda hiki, na fulana zake zitashonwa nchi nyingine, nchi ambayo karani alilitafuna jina lake mara mbili akaliacha. Wasichana mia nne na kumi wakarudishwa makwao, Thenmozhi akiwa mmoja wao. Mto je? Kisima je? Barua haikuwa na habari hizo. Upande wa kutia rangi wala haukufungwa. Ulipata wateja wa humuhumu nchini wasiouliza habari za samaki, na kwa kuwa hapakuwa tena na mgeni wa kuonyeshwa, mtambo wa kusafisha ukazimwa moja kwa moja.

Ponmedu ikamtenga Valliyathal. Thenmozhi alimwambia kwa uchungu, "Mama mdogo, ungesema tu samaki wale wana mwaka, nini kingekupungukia?" Jirani yake Marayal, mwanamke mwenye ulimi wa upupu, alisimama barabarani akatangaza kwamba mdomo huponza kichwa, ila wa huyu bibi umeponza nyumba thelathini na mbili.  Valliyathal alikuwa na hasira nao na aliwaona wana haki, na mambo hayo mawili yakikaa kifuani pamoja, usingizi huoni.

Kisha Vaidehi akarudi, na mpiga picha. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi yao ya plastiki kando ya barabara tangu asubuhi, kwa kuwa diwani aliahidi boza la serikali. Binti akashuka garini akiwa na furaha ya kweli, maskini, akasema wakubwa wamevutiwa mno na ujasiri wa mama, wanataka picha yake kwenye kitabu chao cha mwaka, mwanamke aliyesema ukweli.

Valliyathal akauliza wakubwa hao wamesema nini juu ya kisima.

Vaidehi akainamisha macho. Alisema kampuni haiwezi kuuza nguo zinazotoka mahali pachafu namna hii, wateja hawatakubali.

"Mahali hapa pamechafuliwa na nguo zenu, binti yangu," Valliyathal akasema. "Miaka kumi na tisa mmevaa, mmechoka nazo, mmetupa. Mimi nilikwambia ukweli ili msafishe. Sikukwambia ili mhame."

Binti akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mwajiriwa tu, uamuzi si wake. Valliyathal alimwamini, na kumwamini huko kukamzidishia ghadhabu. Kila anayekutana naye ni mwajiriwa tu! Meneja mwajiriwa, karani mwajiriwa, huyu naye mwajiriwa, na mwenye kuamua anakaa nyumba ambayo yeye hatauona mlango wake mpaka anaingia kaburini.

"Haya, pigeni," akasema. "Hapahapa nilipo."

Mpiga picha akatazama ndani ya kamera, akakunja uso, akaomba kwa adabu mitungi iondolewe kidogo, inaharibu mandhari.

Marayal ndiye aliyeinuka. Valliyathal alidhani anakuja kumtukana mbele ya wageni. Badala yake alikuja na mtungi wake mtupu, akauweka katikati, akaketi chini vumbini ubavuni mwa Valliyathal, akamkazia macho mpiga picha. Mwingine akaja. Akaja wa tatu, na Thenmozhi naye, mpaka barabara ikaziba.

Vaidehi akasema, karibu kulia, kwamba picha ya namna hiyo haitapokelewa.

"Basi kampigeni yule wa huko mlikohamia," Valliyathal akamwambia. "Wahini, angali anakunywa maji ya kisimani kwake."

Gari likageuza, likaondoka. Boza la diwani halikuja, na jua lilikuwa limeshapanda. Marayal akajikung'uta vumbi, akatwaa mtungi.

"Usidhani nimekusamehe," akasema.

"Sijakuomba."

Wakaondoka pamoja kuelekea kwenye bomba la hekalu, wanagombana njia nzima.