Mnara wa Maji wa Makambako

Methusela alikuwa Mbena wa kijiji cha Yakobi, mtoto wa wakulima, ila mkono wake ulikuwa wa kushika rula. Misheni walimfundisha kusoma. Dar es Salaam, katika ofisi ya wachoraji wa majengo, akajifunza mengine: uzito wa zege, nguvu ya nondo, namna upepo unavyosukuma kitu kirefu. Kwa miaka alikuwa akipiga hesabu za maghorofa ya watu wengine na jina lake halionekani popote. Ndiyo maana, aliporudishwa nyanda za juu enzi hizo za Waingereza, na Bwana Injinia akamwambia kwamba kambi ya barabara pale Makambako inataka mnara wa maji na yeye ndiye atakayeubuni, hakulala kwa furaha.

Mnara mfupi wenye tangi dogo ungetosha, naye alilijua hilo. Lakini alitaka kitu ambacho dereva wa lori atokaye Iringa au Mbeya angekiona kabla hajaona nyumba hata moja. Na ili tangi kubwa likubalike, ilibidi chemchemi ionekane ina maji mengi.

Chemchemi hiyo ilikuwa bondeni, juu kidogo ya vinyungu, zile bustani za majimaji ambazo wanawake hulima kiangazi, mashamba ya mlimani yakiwa yamekauka. Kinyungu cha kwanza kilikuwa cha Zipora, mama yake Tabea, na Tabea ndiye mkewe Methusela. Siku ya kupima, mwezi wa nne, ardhi ingali imelowa, Zipora alisimama kando kama mkwe anavyopaswa kusimama, akasema bila kumtazama usoni:

"Mkwe, maji haya yasikudanganye. Mwezi wa kumi huwa machache, tunagawana."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Kisha akaandika maji ya mwezi wa nne.

Msingi ulichimbwa na Tarsis, nyapara kutoka Makete, Mkinga mwenye maneno machache. Alishuka mwenyewe katika kila shimo, akagonga mwamba kwa mtaimbo, akainua uso: "Bwana Methusela, sikiliza." Methusela alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kwamba mwamba ni mgumu, zege likamwagwa. Nguzo nne zikapanda, na juu yake tangi la chuma, na chemchemini ikafungwa pampu ya kulijaza. Siku maji yalipofunguliwa watu walipiga vigelegele, na Methusela alizunguka chini ya mnara wake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa kumi Tabea alimshika mkono akampeleka bondeni. Mahindi mabichi yalikuwa yamejikunja majani. Maboga yamelala chini. Zipora alikuwa akichota tope kwa kata, akilimimina shina moja baada ya jingine.

"Kamwene, mama," Methusela alisalimu.

"Kamwene, mkwe. Mwaka huu ni mbaya," alijibu Zipora, akaendelea kuchota.

Laiti angemtukana! Methusela alirudi kambini akaingia moja kwa moja kwa Bwana Injinia, akamweleza kwamba alipima chemchemi wakati wa mvua, kwamba pampu inakausha bustani za watu, kwamba tangi lijazwe nusu tu.

"Mnara umesimama?" Bwana aliuliza.

"Umesimama, bwana."

"Kambi inapata maji?"

"Inapata."

"Basi kosa liko wapi? Bustani za wanawake si kazi yetu."

Siku mbili hakula vizuri. Siku ya tatu alirudi tena mbele ya meza ile.

"Bwana, sikukwambia yote. Chini ya nguzo ya kaskazini kuna udongo laini. Niliuona, nikanyamaza. Tangi likijaa, upepo mkali unaweza kuulaza mnara juu ya kambi."

Bwana Injinia alikuwa mtu wa barabara, si wa misingi ya majengo, na sahihi iliyokuwa kwenye michoro ilikuwa yake. Uso ulimbadilika. Papo hapo akaamuru pampu izimwe kila siku tangi likifika nusu. Kisha akauliza:

"Nani alichimba shimo lile?"

"Kosa ni langu, bwana."

"Sikuuliza hilo. Nani alichimba?"

Methusela alikuwa amepanga kila neno la uongo wake, ila hakuwa amemfikiria Tarsis hata kidogo.

"Tarsis."

Jioni ile ile Tarsis alifukuzwa mbele ya vibarua wake, akaambiwa amefukia tope na kuliita mwamba. Methusela naye alinyang'anywa meza ya kuchorea, akatumwa kusimamia makalvati ya kupitisha maji chini ya barabara ya Njombe. Adhabu hiyo aliiona ndogo, na udogo wake ulimuuma.

Asubuhi Tarsis alikuja mlangoni akiwa na mzigo wake begani. Hakuketi.

"Niliugonga ule mwamba mbele yako."

"Uliugonga, Mzee Tarsis."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Methusela akamweleza yote, ya chemchemi, ya vinyungu, ya mama mkwe wake na kata ya tope. Alieleza haraka haraka kama mtu anayekimbiza mvua. Tarsis alisikiliza hadi mwisho.

"Hata mama yangu ana bustani bondeni," alisema. "Ungekuja kwangu kwanza, ningekwambia: sema, mimi nitaondoka. Ningeondoka nikijua ninaondokea nini. Wewe hukuniuliza. Umenitumia kama jiwe."

"Nikirudi kusema ukweli, watajaza tangi."

"Ndiyo. Kwa hiyo hutarudi." Akainua mzigo vizuri begani. "Na mimi sikwambii urudi. Hilo ndilo linaloniudhi."

Akaenda zake stendi ya malori.

Vinyungu vilipata maji, si kama zamani, lakini vilipata. Zipora alimpelekea Tabea majani ya maboga na maharage mabichi, na huku akicheka akasema mnara wa mkwe wake ni mbovu, Mungu ashukuriwe. Tabea aliyajua yote. Alipika, akaweka sahani mbele ya mumewe, naye akala kwa kuwa kukataa kungehitaji maelezo kwa mama mkwe.

Mwaka uliofuata, Njombe, mjenzi mmoja alitafuta nyapara wa msingi kwa ghala la ghorofa. Methusela alimtaja Tarsis.

"Yule wa tope la Makambako?" mjenzi alicheka.

Methusela alifungua mdomo. Akisema mwamba upo, habari ingefika kambini haraka, na tangi lingejazwa. Akaufunga.

Barabara ilipokwisha, kambi ikahama, pampu ikang'olewa. Sasa hapakuwa na cha kumzuia kusema ukweli. Alimwandama mjenzi yule, akawaendea manyapara, akamwendea injinia mpya, akawaambia mwamba upo na Tarsis hakukosea. Injinia mpya alisema mnara hautumiki tena, yanini kuzungumza habari zake? Wengine walidhani anamtetea rafiki. Jina la Tarsis lilibaki lilivyo.

Basi akapanda hadi Makete, kwenye baridi, akaulizia mpaka akafika. Mke wa Tarsis, mwanamke mrefu aitwaye Idda, alikuwa akipalilia. Tarsis hayupo, alisema. Alishuka ziwani, yuko Lupingu anachana mbao za mashua, kwa kuwa huku juu hakuna anayempa shimo la kuchimba.

"Ni wewe mwenye mnara?"

"Ndiyo mimi, mama."

Aliingia ndani akatoka na kigoda, akakipangusa, akakiweka uani.

"Alisema utakuja siku moja. Alisema nikupe kiti, nisikupe neno."

Akarudi shambani. Methusela akakaa, kofia magotini, akisikiliza jembe likikata udongo, na hapakuwa na mtu wa kumwambia lile lililomleta.