Waliokataliwa Maabara

Mwaka 1995, Burundi ikiwa katika vita, Herménégilde alikuwa mwalimu wa fizikia chuoni Bujumbura. Katika chumba cha chini cha chuo alikuwa akiunda kigunduzi cha mionzi ya gama. Fuwele yake, aliyoletewa kutoka Ulaya, alikuwa ameizungushia matofali ya madini ya risasi ili mionzi ya kuta na udongo isiifikie. Alikuwa akiwinda kitu adimu mno: namna ya kuvunjika kwa kiini cha atomu ambayo unaweza kuisubiri miezi na usiione.

Siku moja mchana bunduki zikaanza kulia upande wa Kinama. Watu wa mtaa jirani wa Carama wakakimbilia chuoni, na kati yao alikuwemo mama Daphrose. Herménégilde alipokuwa mwanafunzi alipanga chumba kwake, na hakuna jioni ambayo mama huyo alipika maharage akamsahau. Sasa mama alishuka ngazi na wajukuu wake na majirani, akagonga mlango.

"Mutoto wangu, fungua. Huku chini kuta ni nene."

Herménégilde akafungua kidogo, akaziba nafasi kwa mwili wake.

"Apana, mama. Kipimo kinaendelea. Mwili wa mutu unatoa mionzi. Mukiingia mutaniharibia kazi."

"Sisi? Tuko na sumu?"

"Si sumu. Ni vile mwili uko."

Ni kweli kila mwili una potasiamu inayotoa mionzi kidogo. Lakini matofali yale yangeizuia karibu yote, na Herménégilde alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Alichoogopa ni watoto kugusa nyaya zake.

Mama Daphrose akawageukia wenzake. "Twendeni. Professeur anasema tutachafua."

Mlango ukafungwa. Wakapanda kukaa koridoni.

Herménégilde hakuwa hata ameketi vizuri aliposikia kioo kinapasuka juu, kisha mtoto akilia. Akapanda mbio. Mama Daphrose alikuwa amemlalia mjukuu wake kumkinga. Damu ilimtoka begani, na vipande vya dirisha vimetapakaa mgongoni.

"Shukeni! Shukeni wote!" Herménégilde akapaza sauti. Akang'oa nyaya, akayabeba matofali moja moja kuyapanga kwenye kidirisha cha chumba cha chini ili risasi zisipite. Watu wakajaa mpaka chini ya meza. Mama Daphrose aliwasukuma wajukuu ndani, yeye akaketi kwenye ngazi huku jirani akimfunga bega kwa kitenge.

"Mama, ingia, tafadhali."

"Niache hapa. Hapa siharibu kitu."

Alisema polepole, bila hasira, na watu wote waliokuwa ndani wakasikia. Herménégilde hakujua aweke wapi macho.

Bega lilipona. Mama Daphrose alihamia kwa dada yake, mtaa wa Gihosha, na kwa wiki nyingi Herménégilde alifika mpaka njia panda ya kule akageuka kurudi. Siku aliyojikaza alimkuta uani anachambua mchele.

"Mama, siku ile nilikudanganya. Mungeingia, hakuna kitu kingeharibika."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo.

"Ulikuwa unajua wakati ule ule?"

"Nilikuwa ninajua."

Mama Daphrose akamwita mjukuu alete kiti, akaendelea kuchambua. Kiti kililetwa. Herménégilde alisimama kando ya kiti, jua likimchoma kichwani, akashindwa kukikalia.