Jicho la Mti Chini ya Kioo

Seremala alimaliza wiki tatu akiitengeneza ile kaunta. Ubao wa juu ulikuwa kipande kimoja cha mti mgumu, unene wa vidole vinne, na aliuranda kwa mkono mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Ilikuwa kaunta ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, ambaye kwa miaka thelathini aliwamiminia watu vinywaji hotelini, wao wameketi na yeye amesimama. Alipostaafu akasema sasa anataka kaunta sebuleni kwake, naye aonje raha ya kukaa upande wa pili.

Shemeji aliipapasa, akasema ni nzuri. Kisha akauliza, "Mdogo wako atakuja lini kuitia kioo?"

Seremala akajibu Jumamosi, huku roho ikimchoma.

Huyo mdogo wake alikuwa kitinda mimba wao, na zamani hakuwa na kazi ya kueleweka. Alishona viatu akaacha, akapaka rangi mabango akaacha. Miaka miwili iliyopita ndipo alipojifunza kumwaga resini, ule uji mzito mwangavu ambao ukiganda juu ya mbao hung'aa kama kioo. Sasa mtaa mzima ulimwita Fundi Kioo. Na seremala, mwenye miaka ishirini katika ufundi, akipita dukani aliwasikia wakisema, "Huyu ndiye kaka yake Fundi Kioo." Kwake neno hilo lilikuwa msumari wa moto juu ya kidonda.

Jumamosi mdogo mtu alifika na ndoo zake mbili. Aliizungushia kaunta utepe, akatandika nailoni sakafuni, akaupangusa ubao vumbi kwa kitambaa kama mtu anayemnawisha mgonjwa. Katikati akasita. Palikuwa na jicho la mti, mahali tawi lilipoota zamani.

"Kaka, hili linapenya mpaka chini?"

Seremala alijua kwamba linapenya. Juu alikuwa amelijaza unga wa mbao na gundi, lakini kijazo kilikuwa chembamba, na chini tundu lilibaki wazi, limejificha nyuma ya rafu. Angesema, mdogo wake angelibandika utepe kwa chini na mambo yangeishia hapo.

"Limeziba," akasema. Akajiambia si uongo, kwani juu limeziba kweli.

Basi mdogo wake akapima resini na dawa ya kuigandisha, sawa kwa sawa, akakoroga polepole bila kupandisha povu. Akapaka mkono wa kwanza wa resini, mwembamba, akausubiri ukamate, ndipo akamwaga ule mzito. Ulitambaa wenyewe kama asali, naye akausogeza kwa mwiko wenye meno, kisha akapitisha juu yake ndimi za moto wa gesi, mapovu yakapasuka na kutoweka. Mistari ya mti ikajitokeza, myekundu na ya dhahabu. Seremala aliona katika ubao wake mwenyewe mawimbi ambayo hakuwahi kuyaona, na hilo likamuuma kuliko yote.

"Mikono ya huyu ina baraka," dada yao akasema kwa sauti ya chini.

Seremala akajaribu kukumbuka kama dada aliwahi kuisema hivyo mikono yake. Hakukumbuka.

Jumapili asubuhi waliitwa wote wawili. Juu ya jicho la mti kioo kilikuwa kimebonyea kama kitovu. Lakini hasara kubwa ilikuwa chini. Mafundi walipoondoka, shemeji alishindwa kusubiri, akapanga rafuni bilauri sita alizoagwa nazo kazini. Resini ilidondoka usiku kucha. Mbili zilikuwa zimeganda pale, zimejaa nusu, hazing'oki. Mzee wa watu alikuwa amechuchumaa mbele ya rafu.

Mdogo mtu akaingiza kichwa chini, akamulika kwa tochi. Aliliona tundu. Akatoka, akamtazama kaka yake kwa muda, kisha akamgeukia shemeji.

"Kosa ni langu. Ningekagua mwenyewe."

Dada akamshukia: ndiyo maana hakuna kazi aliyoimaliza tangu utotoni, sifa zimemlevya. Seremala alikuwa ameyangojea maneno hayo miaka miwili. Sasa aliyasikia, na hayakumshibisha. Hata kubeba lawama, mdogo wake alimzidi. Alimwonea kijicho hata kwa hilo. Kisha akatazama mgongo wa shemeji.

"Dada, mwache," akasema. "Aliniuliza. Nilijua tundu lipo, nikamwambia limeziba. Nilitaka kazi yake iharibike."

Shemeji akainuka taratibu, magoti yakilia.

"Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea, shemeji."

"Basi fumbua macho uone uliyempiga."

Mdogo wake alikuwa amekunja ngumi. "Ungenitukana tu, Kaka. Matusi ningeyazoea." Akachukua msasa, akaanza kukisugua kioo mpaka chote kikawa na ukungu, ili resini mpya ishike.

Siku ile hawakuzungumza ila ya kazi. Seremala alilala chali chini ya kaunta, akachonga kizibo cha mti uleule, akakipaka gundi na kukigonga kwa nyundo ya mbao mpaka kikakaza. Zile bilauri mbili zilivunjika walipojaribu kuzitoa. Juu, mdogo wake akamwaga upya.

Baada ya wiki shemeji akaalika marafiki wa kazini. Waliinama juu ya kaunta wakijitazama nyuso, wakauliza fundi ni nani.

"Ni hawa wawili," shemeji akasema kutoka kwenye kiti chake kirefu. "Mmoja alitaka kuiua, lakini ndiye aliyeizaa."

Wakacheka. Seremala naye akacheka, akichelewa kidogo, maana kila mgeni alikuwa akikipapasa kioo na hakuna aliyeuliza mti. Wivu ulikuwa palepale, umekaa kifuani kama mpangaji asiyehama.

Walipotoka, mdogo wake alitembea mbele hadi kona ya barabara, akasimama.

"Nimepata kazi ya meza ya watu kumi," akasema bila kugeuka. "Ubao sina."

Seremala akamfikia.

"Urefu gani?" akauliza.