Sweta ya Mapipani

Haya alinisimulia Inshirah, jirani yangu wa ghorofa ya chini, asubuhi ya Jumanne, siku moja baada ya Shamu Nasimu, sikukuu yetu ya majira ya kuchipua. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi zetu hapa Nabaruh tukichambua vitunguu majani vilivyobaki. Tulikuwa tunaongea polepole kwa sababu Wagdi, mwanawe, alikuwa bado amelala ndani. Mimi nilimuuliza tu kama jana walifurahi. Akaweka kisu chini.

Huyo Wagdi nimemwona akizaliwa. Ni fundi wa fesikhi, samaki wa kuvundikwa, kama marehemu baba yake. Analaza mkizi kwenye chumvi ndani ya mapipa mpaka waive kwa harufu yao wenyewe, na sikukuu ikikaribia watu wanatoka hata mjini Mansura kuja kununua kwake. Kazi hiyo inanuka. Sisi wa hapa hatuisikii tena harufu yake, tumeizoea tangu utotoni. Lakini Nashwa, mkewe, alikuwa wa Mansura, na yeye aliisikia kila siku ya Mungu. Ndoa yao iliharibika kwa mambo mengi, siwezi kusema ni harufu peke yake. Ila siku ya ugomvi wa mwisho, neno lililotoka lilikuwa hilo.

"Hata mtoto sasa ananuka pipa!"

Akambeba Ritaj, binti yao, akarudi kwao. Ritaj alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kushika ukuta.

Lile neno lilimkwama Wagdi kooni kama mwiba. Baridi yote alimwona mtoto kwenye simu tu. Kisha Nashwa akapata kazi ya ualimu Kuwait, na Wagdi akakubali aende na mtoto, maana angemkatalia nini? Wangeondoka Jumanne. Nashwa naye, nitamsema kwa haki yake, alimwachia Ritaj Jumatatu nzima, siku ya sikukuu, wakakae naye kwenye bustani ya kando ya mto huko Mansura kama familia nyingine zote.

Zamani Wagdi akirudi kutoka mapipani, Ritaj hakukubali kulala kwa mtu mwingine yeyote. Alimpanda begani, akachomeka pua shingoni, na kabla hujamaliza kumimina chai, mtoto ameshalala, mate yanamtoka. Basi Wagdi akamwambia mama yake, "Mama, mimi sitaki kitu kingine. Nataka alale begani kwangu mara moja tu. Aondoke na hiyo."

Sasa sikiliza alichofanya. Jumapili alifunga duka mapema, siku ambayo wenzake wote wanauza mpaka sauti zinawakauka. Akajisugua kwa ndimu na chumvi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akaenda kwa kinyozi akanyoa masharubu. Akanunua marashi, akajimwagia. Ile sweta yake ya kahawia anayoivaa kazini, iliyotoboka viwiko, akamtupia mama yake.

"Tupa hii, Mama."

"Nitupe sweta nzima?"

"Tupa! Sitaki mtoto aione."

Inshirah hajawahi kutupa hata kipande cha uzi. Asubuhi ya sikukuu aliufunga mtungi wa fesikhi ndani ya ile sweta usije ukavunjika njiani, akauweka kwenye kapu pamoja na mayai ya rangi, saladi na vitunguu.

Bustani ilikuwa imejaa, mkeka juu ya mkeka. Nashwa alikuja na Ritaj amemvika blauzi ya njano, nywele zimefungwa vifundo viwili.

"Mpe maji mara kwa mara," alisema. "Na fesikhi asile."

"Nashwa, nina wazimu nimlishe mtoto fesikhi?"

"Nasema tu." Kisha akamtazama vizuri, akanusa hewa. "Umependeza," akasema, akaondoka upesi.

Wagdi akapiga magoti kwenye nyasi, akafungua mikono. "Ritaj! Njoo, roho ya baba. Njoo."

Ritaj alimtazama yule mtu asiye na masharubu. Mdomo ukaanza kutetemeka. Akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake akaanza kulia.

"Anaona haya," alisema Inshirah. "Mpe muda."

Akampa muda. Akampa na puto, akampa yai jekundu, akampeleka kuwaona bata. Bata aliwapenda, puto alilipenda, yai alilimenya mwenyewe, akala kiini akampaka bibi yake ule weupe. Lakini Wagdi akimsogeza tu kifuani, anajikunja mgongo kama upinde, anamsukuma shingo kwa viganja vyote viwili. "Taki! Taki!"

Kwenye mkeka wa jirani alikuwapo mzee mmoja mnene, mteja wake wa miaka. Akaita, "Fundi Wagdi! Ni wewe kweli? Nilidhani ni bwana harusi amepotea njia! Leo nitajuaje samaki ni wako, wewe mwenyewe unanuka maua?"

Watu wakacheka. Wagdi naye akacheka, lakini Inshirah aliona masikio yake yakiwaka.

Kufika adhuhuri Ritaj alianza kusugua macho. Wagdi aliona saa yake ndiyo hii. Akamnyanyua, akaanza kutembea naye kando ya mto huku akimwimbia, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mtoto amechoka, kichwa kinaanguka, lakini kila pua ikigusa shingo ya baba anashtuka upya na kulia kwa nguvu zaidi. Mwanamke mmoja akasimama kuuliza kama mtoto ni wake.

"Ni wangu," alisema Wagdi.

"Mbona hakujui?"

Akarudi kwenye mkeka, akamweka chini, akakaa amempa kila mtu mgongo.

Inshirah akafanya kile mama anachofanya. "Tule kwanza," akasema. Akatoa mtungi kwenye kapu, akaifungua ile sweta, akaitupa pembeni, akaanza kukata limau.

Ritaj aliacha kulia.

Akaangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa. Akatambaa juu ya mkeka, akapita sahani ya mayai, akapita bata la plastiki alilonunuliwa, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile sweta. Akaigusa. Akainama akaweka pua. Kisha akavuta mkono mmoja wa sweta akajizungushia shingoni, akalala chini, akasema "Baba" ndani ya sufu ile. Hakumtazama mtu. Akafumba macho, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mate yakimtoka.

Inshirah alibaki na limau mkononi. Akanong'ona, "Ivae! Wagdi, ivae upesi, umbebe!"

"Nikiivuta ataamka."

"Basi lala karibu yake."

"Nikisogea na haya marashi ataamka, Mama."

Akakaa na shati lake lililopigwa pasi, hatua moja kutoka kwa mwanawe, mikono juu ya magoti. Hakula. Nzi alipotua kwenye shavu la mtoto alimpungia kwa jani la saladi, kwa mbali, mkono umenyooka. Alikuwa anasubiri aamke mwenyewe, avae sweta, ambebe. Alishapanga. Hata kwenda kunawa alienda, akachukua na udongo wa mto akajipaka shingoni kuondoa yale marashi. Yakakataa kutoka.

Ritaj alikuwa hajaamka Nashwa alipofika. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa.

"Mwache kidogo," Wagdi alisema. "Mwache aamke."

"Wagdi, bado sijafunga mizigo. Na akizinduka sasa atanilia njia nzima." Akainama, akamtoa mtoto polepole kwenye ile sweta, kidole kimoja kimoja. Wagdi akaikunja akamnyoshea. Nashwa akatikisa kichwa. "Hapana. Hiyo itanukisha ndege nzima."

Akaondoka na mtoto amelala begani kwake. Hakukuwa na kuagana. Utamuagaje mtu aliyelala?

Inshirah anasema njiani kurudi Nabaruh hawakuongea. Walipofika Wagdi alikaa sebuleni, na sweta mapajani. Magharibi ilikuwa imepita kidogo simu ikalia. Ni Nashwa, na nyuma yake mtoto analia kile kilio cha kukaukiwa sauti.

"Tangu ameamka," alisema. "Hataki maziwa, hataki mtu. Anazunguka nyumba anatafuta. Wagdi... ile sweta unayo bado?"

Wagdi aliivaa sweta, akawasha pikipiki. Mama yake akamfuata mpaka mlangoni, akaona uso wake, akaona kwamba ana furaha. "Nilimuonea huruma kuliko asubuhi," aliniambia Inshirah.

Kwa Nashwa ni ghorofa ya tatu. Wagdi alisimama chini, kilio kinasikika mpaka barabarani. Akaita. Nashwa akatokea kwenye roshani pamoja na mama yake, Hajati Safinaz.

"Nimeivaa!" Wagdi alipaza sauti. "Nifungulieni, nimlaze mara moja. Akilala naondoka."

Wale wanawake wawili wakatazamana. Hajati Safinaz ndiye aliyesema, na hakusema kwa ubaya. "Mwanangu, akikupata leo, kesho pale uwanja wa ndege tutamtoa vipi mikononi mwako? Atakutafuta kwa nani huko? Mwonee huruma."

Watu waliokuwa wanarudi kutoka mtoni na mikeka yao walimpita Wagdi pande zote mbili.

Hajati Safinaz akateremsha kile kikapu cha kamba wanachonunulia mkate. Kikashuka kikigongagonga ukuta, kikasimama mbele ya kifua cha Wagdi. Akavua sweta pale barabarani, akabaki na fulana. Akaikunja vizuri, mikono ndani, akaiweka kwenye kikapu. Hajati akavuta.

Kilio kiliendelea kidogo. Kikapungua. Kikawa kwikwi. Kikanyamaza.

Alibaki amesimama, shingo ameinua. Baadaye kikapu kikashuka tena. Ndani ilikuwamo ile blauzi ya njano. Nashwa aliinama juu ya ukingo wa roshani, akasema kwa sauti ya chini, "Amelala. Chukua hiyo, usirudi mikono mitupu."

Nyumbani alimkuta mama yake amekaa anamngoja, akamsimulia yote. Akajitupa kwenye sofa na viatu vyake, blauzi ameishika usoni. Baada ya muda akaitoa.

"Mama, hebu nusa. Mimi pua yangu imekufa kwa samaki, sisikii kitu. Inanuka yeye?"

Inshirah akaipokea. Akaweka pua kwenye kola, akaweka kwapani, akaweka pale penye doa la yai. Yalikuwa marashi. Marashi matupu, yale aliyojimwagia mwenyewe, yaliyoingia kwenye blauzi alipokuwa akimbeba kwa nguvu kando ya mto.

"Inanuka yeye," akamwambia. "Maziwa na jua."

Wagdi akairudisha usoni, akavuta pumzi ndefu, akageukia ukuta. Inshirah alimvua viatu, akamfunika blanketi, akakaa kwenye kiti pembeni kumsikiliza. Kila akidhani tayari, anasikia anavuta ile blauzi tena. Kisha mkono ukalegea, blauzi ikateleza mpaka kwenye mto, na mwanawe akalala.