Mbuzi Aliyemwangusha Bi Mwanasiti

Bi Mwanasiti alikuwa akikuna nazi uani kwake Msambweni mguu wa mbuzi ulipokatika. Mbuzi mwenyewe mkongwe, kiti cha mti chenye ulimi wa chuma, na mwezi mzima alikuwa akilia kwii kila akikaliwa. Puu! Bibi wa watu chini, mkono wa kulia mbele, mwili wote juu yake.

Wazo la kwanza lilikuwa Nusra. Bintiye alikuwa na mimba ya kwanza, na kwao mimba ya kwanza mtu hurudi kuzaa kwa mamake, akakandwa mpaka atimize arubaini. Bi Mwanasiti alikuwa amewakanda waliojifungua mtaa mzima, miaka ishirini. Leo amkose mwanawe? Tena kule Vanga yuko Bi Mbeyu, mamake mume wa Nusra, anayeitamani kazi hiyo kufa. Abadan!

Basi mkandaji akiumia hufanyaje? Alijikanda. Maji ya moto, mafuta ya nazi, kidole gumba kikichimba kisugudi, pale mkono unapokunjikia, huku amekaza meno. Kulipokucha mkono ulikuwa umevimba kama boga, haukunjiki wala haunyooki. Akalia, na zaidi alimlilia Nusra.

Hospitalini alimkuta daktari kijana kutoka bara, jina lake Samuel.

"Shikamoo mama. Umeumiaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeangushwa na mbuzi."

Samuel akaandika. "Alikupiga pembe?"

"Pembe atoe wapi? Ana ulimi tu."

"Amekulamba?"

"Mwanangu, nilimkalia, akavunjika mguu!"

Samuel akaweka kalamu chini. "Ulimkalia mbuzi?"

Wanawake waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko mpaka mmoja akamhurumia, akamweleza kuwa ni mbuzi wa kukunia nazi. Samuel naye akacheka hadi machozi, kisha akamtuma mgonjwa wake kupigwa picha.

Kuingoja ile picha kulimmaliza Bi Mwanasiti. Alisoma kila dua aijuayo, na nyingine akazikosea.

"Hakuna mfupa uliovunjika," Samuel alisema. "Umeteguka. Kano zinazoshikanisha mifupa ya kisugudi zimevutika kupita kiasi."

"Alhamdulillahi! Basi nitaukanda vizuri."

"Kumbe uliukanda?" Samuel alishika kichwa. "Ndiyo maana ukavimba hivi. Siku hizi za mwanzo tumia barafu iliyofungwa kitambaani, mkono uning'inie shingoni. Maumivu yakipungua, uwe unaukunja na kuunyoosha polepole. Wiki sita hivi utapona."

"Na kukanda?"

"Mama, usikande."

Kumwambia Bi Mwanasiti asikande ni kumwambia jogoo asiwike. Lakini alihesabu siku za Nusra, akaona wiki sita zinatosha, akafyata mkono. Wiki ya pili kikombe cha chai kilifika mdomoni kwa mkono wa kulia, nusu yake ikimwagika kifuani. Wiki ya nne alijifunga leso bila kusaidiwa, akapiga kigelegele peke yake uani, majirani wakadhani Nusra ameshazaa.

Nusra alizaa kwa mamake wiki ya saba, mtoto wa kike. Bi Mbeyu alikuwa amekwisha kuwasili na mabegi mawili, mikono ameinyoosha.

"Nipe mimi, mwenzangu, usije ukajitonesha."

"Daktari ameniruhusu," Bi Mwanasiti alijibu. Alikaa kitandani, akaukunja mkono taratibu, na kile kichwa kidogo chenye joto kikalala pale pale kisugudini. Alingoja maumivu. Hayakuja.

"Unauma, mama?" Nusra aliuliza.

"Hauumi, mwanangu. Wallahi hauumi hata kidogo." Machozi yalimtoka naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Bi Mbeyu bado alikuwa amesimama pale, hajui afanye nini. Roho ikamlainika Bi Mwanasiti.

"Kumkanda tutamkanda pamoja," alisema bila kumwondolea mtoto macho. "Ila sasa mzazi anataka uji wa nazi. Mbuzi mpya yuko uani. Mkalie vizuri, mwenzangu."