Chupa Nambari Kumi na Saba

Daktari Metrine, mtaalamu wa maji kutoka maabara moja ya Kisumu, alikuwa amekubali kuja shuleni Katito kila Ijumaa awaonyeshe wanafunzi kazi yake. Ijumaa ya kwanza hakuleta hotuba. Alileta chupa arobaini ndogo zenye nambari na dawa ndani, akataka kila mmoja achote maji wanayokunywa kwao, aandike yalikotoka, arudishe Jumatano. Maji yenye uchafu wa choo yangegeuka meusi.

Wanafunzi walifurahi, isipokuwa Adongo. Mama yake ana kibanda cha chakula njia panda ya Kendu Bay, na maji yake hutoka kisima kilicho hatua chache tu kutoka choo cha jirani. Mteja huwekewa jagi mezani kabla hata hajaagiza. Nusu ya wazazi wa darasa lile hula pale. Chupa ikigeuka nyeusi mbele ya watoto wao, kibanda kwisha, na nyumba yao haina riziki nyingine.

Basi akafanya ujanja. Jumatano asubuhi alipita kwenye tangi la shule, lile ambalo Mwalimu Mkuu Joram alilipaka rangi kwa mkono wake na kuandika MAJI SAFI, akajaza chupa pale, akaandika: Kisima cha Mama Adongo. Alijiona mwerevu kweli kweli, maskini.

Ijumaa chupa zilipangwa mezani. Nyingi hazikubadilika. Nambari kumi na saba ilikuwa nyeusi tititi. Byron, ambaye kazi yake darasani ni kusoma kwa sauti yasiyomhusu, akasoma kibandiko.

"Kisima cha Mama Adongo. Na jana baba yangu alikunywa huko glasi mbili."

Darasa likacheka. Mwalimu Mkuu, aliyekuja hasa kupigwa picha na mgeni, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu mwenye tangi safi, akasema afisa wa afya lazima aambiwe leo hii.

Adongo akasimama. Akinyamaza, mama angefungiwa kibanda kwa maji ambayo si yake.

"Daktari, nilidanganya. Hayo ni ya tangi la shule. Niliogopa ya kwetu."

"Anamtetea mama yake," alisema Mwalimu Mkuu. "Na mwongo ni yeye, amesema mwenyewe."

Hapo hakukosea sana, na ndicho kilichomuuma Adongo.

Daktari Metrine hakumtetea mtu. Alitoa chupa mbili mpya mkobani. "Hakuna haja ya kumwamini yeyote hapa. Tunachota upya sasa hivi, wote tukiona. Moja tangini, moja kisimani."

Adongo alitangulia mbio kibandani, akamkuta mama anapara samaki, akamweleza yote bila kumtazama usoni.

"Kwa hivyo uliona heri shule ipimwe, mimi nisipimwe," mama alisema.

"Niliogopa, Mama."

"Hata mimi naogopa, nyathina, mwanangu." Akanawa mikono, akashika kamba ya ndoo. Darasa zima lilipofika lilimkuta anachota.

Jumatatu Daktari alirudi, na Mama Adongo akaja shuleni na leso yake ya kanisani. Chupa zote mbili zilikuwa nyeusi. Mama aliichukua yake mkononi.

"Maji yangu ni machafu, nimeona," alisema. "Kuanzia leo jagi halikai mezani kama maji hayajachemka. Mwenye kuogopa asije." Kisha akageuka taratibu, na heshima zake zote. "Na tangi, Mwalimu?"

Mwalimu Mkuu alisema jambo hilo lingejadiliwa kwenye kikao cha bodi, mwisho wa muhula.

Saa saba jua likawa kali. Wanafunzi thelathini na tisa wakavuka barabara na vikombe vyao, Byron akiwa wa kwanza, wakapanga foleni kibandani, kwa kuwa ndipo maji yaliyochemshwa yalipokuwa. Adongo ndiye aliyewamiminia.