Taa ya Upande wa Kushoto

Balbu ya zamani ilikuwa ya njano. Kila rangi ya samawati ambayo mchoraji aliichanganya jioni, asubuhi aliikuta ya kijani. Akaenda dukani na kipande cha turubai alichokipaka rangi zake zote, akamsumbua muuzaji amwashie balbu moja baada ya nyingine, hadi ikapatikana iliyozionyesha kama zilivyo mchana. Akaitundika juu, kushoto, ili kivuli cha mkono wake wa kulia kisiangukie kazi. Kisha akamketisha mama yake amchore.

Alipoiwasha, ukutani kulitokea kivuli cha cherehani. Cherehani yenyewe haikuwapo. Ilikuwa ya mama, ikaibiwa mwaka juzi, fundi wa nguo alipokuwa amepanga chumba kile. Kaka wa mchoraji ndiye aliyesema fundi kaiuza, na mama akamfukuza bila kumsikiliza.

Mchoraji alisogeza kabati, kivuli kikabaki. Akaipandisha taa kidogo. Sasa kikaonekana na kivuli cha mwanamume aliyeinama kuinyanyua, bega moja limeshuka. Bega kama lile wanalo wengi, alijiambia. Mama hakuuliza ni la nani, na hilo ndilo lililomkaa mchoraji rohoni.

Akamwita kaka yake amshikie ngazi. Kaka akasimama mbele ya taa. Kivuli chake hakikuanguka popote. Kilikuwa na kazi ukutani. Akashauri warudishe balbu ya njano, eti hii itamharibu mama macho.

"Kaka, cherehani uliipeleka wapi?"

Akautazama ukuta kama mtu anayetazama saa. "Ya mwaka juzi hayo. Wewe chora."

Mchoraji hakuchora. Alitoka kumtafuta fundi, akamkuta kwenye kibaraza cha watu akipiga pindo kwa mkono, akaja naye. Fundi alilitambua kivulini gurudumu lililomeguka ukingoni, akasema ndiyo yenyewe. Hakutaka cherehani wala fidia. Alimgeukia mama.

"Mama, naomba jambo moja tu. Twende pale getini uliponiitia mwizi, ukaseme si mimi."

Kaka alikuwa mlangoni, akichokonoa meno.

"Mwanangu, mwanga huu mkali," mama alimwambia mchoraji, akafumba macho. Hakuyafumbua hadi fundi alipoondoka.

Hakuyafumbua siku zilizofuata pia, kila alipoketi kuchorwa. Mchoraji alimchora hivyo hivyo. Vivuli walivizoea, kaka alipokuja alivuta kiti akaketi chini yavyo, akanywa chai.

Fundi bado anashona kwa mkono, na mtaani bado watu huficha simu akipita. Picha kaka aliitundika mwenyewe sebuleni. Wageni huisifu, hasa rangi ya ngozi, na husema mama katoka vizuri sana, kama mtu anayesali.